Gari Lililokuwa Tupu: Kolaji, Mchoro wa Kale na Suala la Haki ya Kubandika

Makala haya yanakusudia kulijadili swali moja la kimaadili ambalo uhakiki wa sanaa umezoea kulipitia kando. Msanii anapoichukua kazi mashuhuri ya mwenziwe aliyekwisha kufa, akabandika juu yake kitu cha zama zake ili kuikosoa jamii, je, ana haki gani ya kufanya hivyo, na haki hiyo inatoka wapi? Hatuulizi kama sheria ya hakimiliki inamruhusu. Hilo ni la mawakili, na aghalabu jibu lake ni jepesi kwa kuwa wafu wa karne ya 19 hawadai mirabaha. Tunauliza kama kazi ile ya kale ina dai lolote juu ya mkono unaoikata, na kama lipo, dai hilo hulipwa kwa sarafu gani.

Majibu mawili yamezoeleka. Kuna wanaosema kwamba kazi bora ni amana, na mwenye kuichezea amana ya watu ni mharibifu hata kama nia yake ni njema. Na kuna wanaosema, hasa miongoni mwetu tuliolelewa katika nadharia, kwamba hakuna kazi iliyo kamili peke yake, kwamba kila matini ni mfumo wa vipande vya matini nyingine, na kwa hivyo kukata na kubandika ndiyo hali ya asili ya sanaa. Tangu Julia Kristeva alipoibuni istilahi ya mwingilianomatini katika miaka ya 1960, jibu hili la pili limekuwa likitolewa kwa wepesi unaotia shaka. Tasnifu chungu nzima za uzamili huishia hapo: matini hii inaingiliana na ile, kisha hitimisho. Ni nadra mtahini kuuliza kama mwingiliano huo ulikuwa wa haki. Jibu la kwanza linamnyima sauti aliye hai, la pili linamnyima aliyekufa, na yote mawili hutolewa kabla ya kazi yenyewe kutazamwa.

Tutaitazama kazi moja. Mwaka 1980 msanii Mwingereza Peter Kennard, aliyezaliwa London mwaka 1949, alichukua nakala ya kuchapwa ya mchoro wa John Constable uitwao The Hay Wain, yaani gari la nyasi kavu, akabandika juu yake picha za makombora. Kazi hiyo, Haywain with Cruise Missiles, imo katika hifadhi ya jumba la Tate, nayo ni ndogo sana: kimo chake ni sentimita 26 na upana wake sentimita 37.5. Makombora yamepandishwa ndani ya gari la farasi, ncha zake zimeelekea angani, na gari linavuka mto kama lilivyokuwa likivuka siku zote. Mto, miti na nyumba viko pale pale. Mtu akiitupia jicho kwa haraka akiwa mbali anaweza kuipita akidhani ameuona mchoro ule wa Constable aliouzoea.

Mbinu yenyewe ina ukoo wake. Neno kolaji linatokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubandika kwa gundi, na wasanii Picasso na Braque waliiingiza mbinu hiyo katika uchoraji wa kisasa mwaka 1912. Ila waliokifanya kisu cha kukatia magazeti kuwa silaha ya kisiasa ni Wajerumani wa kundi la Dada mjini Berlin, miongoni mwao Hannah Höch na John Heartfield, ambaye fotomontaji zake dhidi ya Hitler katika jarida la AIZ zilimlazimu kukimbilia Prague mwaka 1933. Kennard ni mwanafunzi wa Heartfield kwa hiari yake mwenyewe. Alisomea uchoraji, lakini maandamano ya kupinga vita vya Vietnam mwishoni mwa miaka ya 1960 yalimwelekeza kwenye fotomontaji, kwa imani kwamba picha ya gazeti, ikikatwa na kuwekwa mahali pasipo pake, ingeweza kusema jambo ambalo brashi imeshindwa kulisema.

Kilichomsukuma mwaka 1980 kinajulikana. Tarehe 12 Desemba 1979 nchi za muungano wa NATO ziliamua kuweka makombora mapya ya Kimarekani katika Ulaya ya Magharibi. Mwezi Juni mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba makombora ya Cruise, yale yarukayo chinichini mithili ya ndege isiyo na rubani, yangewekwa katika vituo viwili: 96 Greenham Common katika jimbo la Berkshire na 64 Molesworth katika jimbo la Cambridgeshire. Nguvu ya kila kombora iliweza kufikia takriban mara kumi ya ile ya bomu lililoteketeza Hiroshima. Mwaka huohuo wa 1980 serikali ilichapisha kijitabu cha kuwafundisha raia namna ya kujikinga na vita vya nyuklia: wang'oe milango ya nyumba zao, waiegemeze ukutani, waizungushie mifuko ya mchanga, kisha wangoje humo ndani. Kinaya cha kijitabu hicho hakikuhitaji msanii.

Jambo moja linafaa kusisitizwa, kwa maana wengi waioneao kolaji ile leo hawalijui. Makombora yale hayakukusudiwa kurushwa kutoka kituoni. Yalipakiwa juu ya malori, na mpango wa wanajeshi ulikuwa kwamba dalili za vita zikionekana, misafara itoke usiku, ipite katika barabara za vijiji, ijifiche katika misitu na mashamba, na kurusha makombora kutoka huko. Kwa hivyo kombora juu ya gari la magurudumu katika mandhari ya mashamba ya Kiingereza halikuwa ndoto ya msanii mwenye hasira. Lilikuwa maelezo ya mpango halisi. Kennard alibadilisha gari tu, akaweka la farasi mahali pa lori.

Sasa tumgeukie Constable. Alizaliwa mwaka 1776, mwaka uleule ambao wengi hukubali kuwa ndio wa kuzaliwa kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, sadfa isiyo na maana yoyote isipokuwa kutukumbusha kwamba mtu tunayemwita wa kale si wa kale hivyo. Babake, Golding Constable, alimiliki kinu cha kusagia nafaka cha Flatford kando ya mto Stour, mpakani mwa majimbo ya Suffolk na Essex. The Hay Wain ni mandhari ya hapo kinuni: kushoto nyumba ya mkulima Willy Lott, ambayo ingali ipo hadi leo, katikati gari linalokokotwa na farasi watatu likivuka maji ya kina kifupi, ukingoni mbwa, kulia, mbali kabisa ng'ambo ya pili, shamba lenye watu wakikata nyasi na kupakia. Constable hakuuchora hapo. Aliuchorea London kutokana na michoro ya awali, akauonyesha katika Royal Academy mwaka 1821 na asipate mnunuzi. Ulipofika Paris mwaka 1824 ulishinda nishani ya dhahabu. Umekuwa mali ya National Gallery mjini London tangu 1886, na tangu hapo umechapwa katika kalenda, sinia na makopo ya biskuti hata ukawa, kwa Mwingereza wa kawaida, si picha ya mahali fulani bali ni picha ya kwao.

Je, Kennard ameutendea nini mchoro huo? Istilahi zetu za uhakiki zilizokopwa Ulaya zinatupa maneno ya kejeli na tashtiti, na yote mawili yanafaa kwa kiasi. Lakini kejeli humlenga mtu, na hapa Constable halengwi. Hakuna anayeiona kolaji ile akacheka kwa sababu mchoraji amefedheheshwa. Tunaona kwamba dhana inayotusaidia zaidi iko karibu nasi, katika kunga za ushairi wa Kiswahili, nayo ni takhmisa.

Takhmisa, kama msomaji wa jarida hili ajuavyo, ni utungo ambamo mshairi huchukua beti za mwenziwe za mistari miwili miwili na kuziongezea mistari mitatu mitatu ili kila ubeti uwe na mitano. Mfano ujulikanao zaidi ni takhmisa ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, huyohuyo mtunzi wa Al-Inkishafi, juu ya tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Kuna masharti mawili katika utanzu huu ambayo tunayaona ni ya kimaadili kuliko kuwa ya kiarudhi. La kwanza ni kwamba maneno ya mwenye shairi hayaguswi. Mwongezaji anaweza kuongeza atakavyo, lakini hawezi kuondoa. La pili ni kwamba, kwa kanuni ya utanzu kama ulivyopokewa kutoka kwa Waarabu, mistari mipya hutangulia na ya kale hufuata. Mwongezaji ndiye aanzaye kusema, ila si yeye amalizaye. Mistari yake mitatu lazima iipe njia ile miwili, na vina vyake lazima vitii kina cha aliyemtangulia. Akishindwa, aibu ni yake, kwa maana kila asikilizaye anawajua wote wawili na anapima.

Ukiisoma kolaji ya Kennard kama takhmisa utaona inavyofanya kazi. Jicho huanza na kombora kwa sababu kombora ni geni, jeupe na lenye ncha. Ndiyo mistari mitatu ya mwongezaji. Kisha jicho, likiwa limeshtuka, haliwezi kutulia hapo. Hushuka kwenye gari, kwenye farasi, kwenye maji, kwenye nyumba. Mistari miwili ya kale inasomwa mwisho, na inasomwa kwa makini ambayo kopo la biskuti halikuwahi kuidai. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa ameuangalia mchoro huu. Watu walikuwa wakiutambua tu. Ajabu ni kwamba anayeubandika ndiye aliyelazimisha utazamwe.

Na ukiutazama utagundua jambo. Gari la Constable ni tupu. Watu wengi wanaoujua mchoro huu, ukiwauliza gari limebeba nini, watasema nyasi, kwani jina linasema hivyo. Hapana. Gari linarudi shambani kupakia mzigo mwingine. Waliomo ni wanaume wachache tu, na nyuma yao ni nafasi wazi. Wolfgang Iser, katika nadharia yake ya upokezi, alizungumzia mapengo ambayo matini huyaacha ili msomaji ayajaze. Hili ni pengo la mbao na magurudumu, na liko katikati kabisa ya picha. Kennard hakulazimika kuondoa kitu ili apate mahali pa kombora. Mahali palikuwapo, pakingoja tangu 1821.

Hapa ndipo tunapoanza kutofautiana na maelezo ambayo kwa kawaida hutolewa kuhusu kazi hii. Inasemwa kwamba nguvu yake ni mgongano: amani ya kale dhidi ya kitisho kipya, shamba dhidi ya kiwanda cha mauti, Uingereza ya kweli dhidi ya Uingereza iliyovamiwa na silaha za Wamarekani. Ukisomwa hivyo, mchoro wa Constable ni pepo na kombora ni nyoka. Usomaji huu ndio ulioifanya kolaji ipendwe na kusambazwa kwa postikadi na mabango, na yamkini harakati za kupinga nyuklia ziliuhitaji. Lakini ni usomaji wenye uwongo ndani yake, na uwongo wenyewe haukuanza na Kennard.

Katika mwaka uleule wa 1980 mhakiki John Barrell alichapisha kitabu kiitwacho The Dark Side of the Landscape, kinachochunguza namna maskini wa mashambani walivyochorwa katika sanaa ya Kiingereza kati ya 1730 na 1840, akiishia na Constable. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba wafanyakazi katika michoro hii huruhusiwa kuonekana kwa sharti la kuwa wadogo, wa mbali na wenye kivuli, wasije wakamkabili mtazamaji kama watu wenye madai. Ukiirudia The Hay Wain baada ya Barrell, wale wakata nyasi wa upande wa kulia wanakuwa madoa meupe machache. Huwezi kumwona hata mmoja uso. Na hali yao tunaijua. Baada ya vita vya Napoleon kumalizika mwaka 1815, bei ya nafaka ilianguka, wanajeshi walioachishwa walirudi vijijini kutafuta kazi, na ujira ukashuka. Mwaka 1816 watu wenye njaa walifanya ghasia Littleport na Ely, na watano kati yao wakanyongwa. Mwaka 1822, mwaka mmoja tu baada ya mchoro kuonyeshwa, vibarua wa Norfolk na Suffolk walikuwa wakivunja mashine za kupuria nafaka. Constable, mwana wa mwenye kinu, alikuwa na habari. Mandhari yake ya mchana mtulivu ni mandhari iliyotazamwa kutoka upande wa mwenye mali.

Hatusemi hayo ili kumhukumu. Kuna namna ya uhakiki wa kitabaka, iliyokuwa na nguvu sana katika vyuo vyetu, ambayo ikishagundua kwamba msanii alikuwa mtoto wa kabaila hufunga faili. Mchoro ni mzuri, na uzuri wake si hila. Mtu aliyeyatazama mawingu kwa uaminifu kiasi kile ametupa kitu ambacho hatukuwa nacho. Swali ni lile tulilolianza: uzuri huo unadai nini, na unadaiwa nini?

Jibu letu ni kwamba mbandikaji ana haki juu ya kazi ya kale kwa kadiri anavyotuonyesha kitu ambacho tayari kimo ndani yake. Si kitu alichokileta tu, wala si umaarufu aliouazima. Kwa kipimo hiki Kennard amefaulu kuliko hata watetezi wake wanavyodai, na amefaulu mahali wasipopatazama. Ukiachana na pepo na nyoka, ukalitazama lile gari, unaona watu wanaobeba mzigo usio wao. Nyasi zile hazikuwa zao. Zilikuwa za mwenye shamba. Makombora si yao, hawakuulizwa. Mwaka 1821 hawakuwa na kura, na mwaka 1979 wajukuu wa vitukuu vyao, waliokuwa na kura, hawakupigishwa kura juu ya jambo hilo. Mkao wao garini ni uleule, farasi wanaingia majini kwa utiifu uleule. Picha ya kombora haikuvunja utulivu wa mchoro. Imetwambia utulivu ule ulikuwa wa nani. Tunakiri kwamba Kennard huenda hakukusudia usomaji huu. Dhamira yake ilikuwa ya haraka na yenye hofu ya kweli. Lakini aliposhika gundi alitii umbo la mchoro kama mshairi wa takhmisa anavyotii kina, na umbo likamlipa.

Inafaa kuona kilichotokea nje ya jumba la sanaa. Mnamo Septemba 1981 kundi la wanawake walipiga kambi nje ya kituo cha Greenham Common, kambi iliyodumu hadi mwaka 2000. Tarehe 12 Desemba 1982 wanawake wapatao 30,000 walikizunguka kituo hicho kwa kushikana mikono, na juu ya ua wa waya wakafunga picha za watoto wao, nguo za vichanga, midoli, na vitu vya nyumbani. Hatujui kolaji kubwa kuliko hiyo. Imebandikwa juu ya matini isiyopendwa na mtu, waya wa jeshi, na vipande vyake ni vile vile ambavyo kijitabu cha serikali kilitaka vifichwe nyuma ya milango iliyong'olewa. Makombora ya kwanza yalifika hata hivyo, Novemba 1983. Mkataba wa Desemba 1987 kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti ndio ulioyaondoa, na ya mwisho yalitoka Greenham mwaka 1991. Mkataba wenyewe ulivunjika mwaka 2019. Mtu akitaka kuuliza kama sanaa iliyaondoa makombora, atakuwa ameuliza swali ambalo hakuna sanaa iliyowahi kulijibu vizuri.

Picha ya mtoto ilirudi kwa namna nyingine. Tarehe 28 Juni 2013 mwanamume mmoja aliyekuwa akidai haki za akina baba waliotenganishwa na watoto wao aliingia National Gallery akabandika picha ya mwanawe juu ya The Hay Wain yenyewe, si nakala. Uchungu wake hatuna sababu ya kuutilia shaka. Lakini kati ya picha ile na mchoro hapakuwa na neno lolote. Ingeweza kubandikwa juu ya mchoro wowote ule, na ingebandikwa juu ya uliokuwa maarufu zaidi kama angeufikia. Kilichoazimwa ni umaarufu peke yake. Picha ya mtoto juu ya ua wa Greenham ilijibizana na kitu kilichokuwa nyuma ya ua. Hii haikujibizana na chochote.

Tukio la tarehe 4 Julai 2022 ni gumu zaidi kulihukumu. Vijana wawili wa kundi la Just Stop Oil, lililokuwa likipinga uchimbaji mpya wa mafuta na gesi, waliufunika mchoro wote kwa karatasi zilizochapwa mandhari ileile ikiwa imeharibika: mahali pa mto pana barabara, ndege zimejaa angani, miti imeungua, na gari la farasi limebeba mashine kuukuu ya kufulia. Kisha wakajigandisha kwa gundi kwenye fremu. Fremu na vanishi ya mchoro vilipata madhara madogo, na mahakama ikawatia hatiani. Tazama kwamba nao pia, miaka 42 baada ya Kennard, walilijaza gari. Pengo lile liliwaita. Kama kazi ya kuchapwa, ingesimama pamoja na ya Kennard, na kwa hoja moja ingeizidi, kwa kuwa hewa ya Constable, yale mawingu aliyoyachunguza kama mtaalamu wa hali ya hewa, ndiyo hasa wanayoizungumzia. Lakini walivunja sharti la pili la takhmisa. Karatasi zao ziliufunika mchoro, na uliofunikwa hausemi mwisho wala mwanzo. Mtu aliyekuwa ukumbini siku ile aliona uharibifu uliochorwa asiweze kuulinganisha na kilichoharibiwa ila kwa kumbukumbu. Watetezi wao watasema kwamba hofu ya zama hizi hairuhusu adabu za ushairi. Huenda. Ila hofu ya mwaka 1980 nayo haikuwa ndogo, na msanii aliyeiishi alitosheka na nakala ya dukani, mkasi na gundi, na kazi yake ikaenda mbali kuliko turubai lenyewe linavyoweza kwenda. Walter Benjamin alitangulia kulijadili suala hili la nakala na asili katika miaka ya 1930, hatutalirudia hapa.

Kipimo tulichokipendekeza kina mpaka wake, na mpaka huo umewekwa na msanii wa hapa kwetu. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, ana mfululizo wa kolaji 12 alizozibandika juu ya vielelezo vya kale vya kitabibu vinavyoonyesha uvimbe na maradhi ya mwili wa mwanamke. Macho, midomo na vito vilivyokatwa katika majarida ya mitindo vimepangwa hata kielelezo cha ugonjwa kikawa kichwa, tena kichwa kinachomtazama mtazamaji. Je, Mutu anadaiwa na matini ile utiifu kama ule wa takhmisa? Hatudhani. Kielelezo cha daktari hakikuwa shairi la mtu. Kilikuwa mwili wa mtu uliotwaliwa ukafanywa mchoro, bila jina. Mwenye dai hapo ni yule mwanamke, wala si mchoraji, na kwake kubandikiwa uso ni kulipwa sehemu ndogo ya deni. Matini haziko sawa mbele ya mkasi. Kuna iliyotungwa na kuna iliyoporwa, na nadharia inayoziita zote matini tu haitusaidii kujua ni wapi mkono utetemeke.

Lakini The Hay Wain, twaona sasa, ni zote mbili. Mawingu ni utunzi. Wale watu wadogo wa upande wa kulia ni uporaji kwa kiasi fulani, sura zao zimetumiwa na nyuso zao hazikuchukuliwa. Katika mchoro wa majaribio wa ukubwa uleule, uliohifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert, yuko mtu juu ya farasi ukingoni mwa maji. Katika mchoro wa mwisho hayupo. Constable mwenyewe, basi, aliwapunguza watu wake. Na katika wote waliokuja baadaye na gundi yao hakuna aliyejali upande ule wa kulia. Kennard aliujaza gari akawaacha wakata nyasi kama walivyokuwa, madoa meupe ng'ambo ya mto. Wamesimama pale wakingoja gari la kupakia nyasi. Farasi wamekwisha ingia majini, na gari, pamoja na kilichomo, linaelekea kwao.